Ndoo Juu ya Ukuta wa Bi Zuwena

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi moja mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifungua koki ya lori la maji peke yangu kwa mara ya kwanza, nikayamwaga maji matamu juu ya viatu vyangu. Nilikuwa sijaufunga mpira wa kutolea maji. Mwenye nyumba alinitazama, akatazama viatu, akaniuliza kama na hayo atayalipia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi Mabela. Vijana wa kituo cha kujazia, waliponiaga, waliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla ya mabomba. Naandika kwa mpangilio niliouzoea, la kwanza kwanza. Vyeo sina vya kusimulia. Nyuma ya usukani wa lori la maji kuna kiti kimoja tu, na nilikuwa nimekwisha kukikalia.

Mabela ya siku zile ilikuwa uwanda wa changarawe magharibi ya Masqati, Omani, umegawiwa viwanja kwa kura. Mtu akipata kiwanja alikuja Ijumaa na mkewe, akasimama katikati ya vigingi vinne na kumwonyesha: hapa majlisi ya wageni, hapa jiko, hapa chumba cha mama. Baada ya miaka michache nyumba ilisimama, ukuta ukazungushwa, geti likatiwa, na kulia na kushoto bado ni changarawe. Kwa kuwa ilikuwa kura, hukumchagua jirani. Huyu katoka Sur, yule Nizwa, wa tatu Mbulushi, wa nne mtu wetu wa Zanzibar ambaye Kiarabu chake kinachekwa na watoto wake mwenyewe. Umeme ulitangulia. Maji yalikuja kwa lori.

Lori la buluu hubeba maji ya kunywa. La njano hubeba yale yaliyokwisha kutumika. Msichanganye, na msiegeshe karibu karibu mbele ya harusi.

Shule niliiacha darasa la saba, tulipoondoka Unguja. Ninachokijua nimekisoma ndani ya lori, kwenye foleni ya kituo, ambayo wakati wa joto ilikuwa ndefu kuliko kitabu. Nilisoma jiografia, hesabu, tiba ya macho, chochote kilichopatikana. Wenzangu walinipa jina la Mwalimu. "Mwalimu," walinipigia kelele, "ukifika ukurasa wa mwisho utuamshe, maana foleni itakuwa imesogea."

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hilal, Mmanga wa Sumail aliyeishi Bujumbura miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Sisi wa Unguja tulimcheka, naye alitucheka kwa kuwa hatukujua kuendesha. Alikuwa akiweka kiganja juu ya pampu kama daktari anayepima homa.

"Sikiliza," aliniambia. "Pampu iko inasema. Ikilia nyembamba, iko inakunywa hewa. Zima mbio."

Kwake nilijifunza kufunga mpira kwanza, kufungua mfuniko wa tangi la mwenye nyumba kabla ya kuwasha, kunusa ndani ya tangi, kutazama kama kuna njiwa aliyekufa. Nilijifunza kutoamini maelekezo. Watu wa Mabela walikuambia, "Nyumba yenye geti la buluu," na mageti yote yalikuwa ya buluu, kwa sababu rangi hiyo ndiyo iliyokuwa imejaa madukani.

Na kwake nilijifunza ndoo. Simu za nyumbani zilichukua miaka kufika mitaa ile. Aliyeona tangi lake linakaribia kukauka aliweka ndoo kifudifudi juu ya ukuta, karibu na geti, na jiwe juu yake isipeperushwe. Dereva akipita akaiona, anapiga honi. Basi asubuhi tuliendesha shingo juu, tukisoma kuta.

Kanuni moja Mzee Hilal aliitia mkazo kuliko zote. Asubuhi Mabela ilikuwa mji wa wanawake. Wanaume walikuwa wamekwenda kazini Ruwi na Ghala, na magari yote yamekwenda nao. "Geti ikifunguliwa," alisema, "macho yako iko ya tangi. Maji ndiyo inakuingiza. Maji ikiisha, wewe toka." Dereva aliyesimama kwenye geti la watu bila ya mpira mkononi alikuwa mwanamume tu aliyesimama kwenye geti la watu. Mzee Hilal alistaafu akaniachia njia yake yote, pamoja na kanuni hiyo.

Nyumba ya Bi Zuwena ilikuwa mwisho wa mtaa, kusini ya barabara kuu, kiwanja kitupu upande mmoja na mlima upande wa pili. Mwanawe Humud aliijenga kwa shida na kwa mapenzi, na alimhamisha mama yake kutoka Matrah, kwenye kichochoro ambamo watu waliitana dirisha kwa dirisha. Siku ya kwanza niliyoiona ndoo yake, nyekundu, aliyenifungulia geti alikuwa Kumari, msichana wa kazi kutoka Sri Lanka. Tangi lilikuwa uani, karibu na mlango wa jikoni. Mlangoni kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na sauti.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa Masqati, bibi."

"Masqati gani hiyo yenye lafudhi ya Malindi?"

Nilicheka, nikakiri kwamba nilizaliwa Malindi, mjini Unguja, nikamtajia jina langu, Saidi, nikampa shikamoo yake.

"Marahaba, mwanangu. Basi lizime hilo lidude tusikizane."

"Nikilizima, maji hayapandi."

"Lipunguze."

Nikalipunguza. Pampu ikishushwa hujaza tangi kwa muda mrefu zaidi. Hakuna hasara ila ya saa, na zile zilikuwa saa zangu. Tangu siku hiyo, kwenye nyumba ya Bi Zuwena nilikuwa nikishusha pampu bila ya kuambiwa.

Alikuwa mtu wa maneno, na maneno hayakuwa na pa kwenda. Humud na mkewe waliondoka alfajiri, wajukuu wakaenda skuli, akabaki yeye na Kumari. "Yeye ananisemesha Kisinhala," aliniambia, "miye namjibu Kiswahili, na chumvi inazidi kila siku." Jirani wa karibu alikuwa mwanamke wa Ibri, mtu mwema, lakini Kiarabu cha Bi Zuwena kiliishia kwenye maamkizi. "Nikishamuuliza khabari zake na za watoto, nakuwa nishamaliza. Nnarudi nyumbani. Nyumba ina vyumba saba, Saidi. Nnapita kimoja kimoja kama mlinzi."

Siku moja, pampu ikinguruma polepole, alikuwa akihadithia nyumba yao ya Malindi, na shoga yake waliyepakana naye ukuta. Nikamwambia kwamba upande wa pili wa barabara kuu, karibu na bahari, nampelekea maji bibi mmoja wa Malindi, jina lake Bi Shariffa.

Pazia likatikisika.

"Ana jino la dhahabu?"

"Sijamwona, bibi. Nnamsikia tu, kama wewe."

"Akicheka, anamalizia na kikohozi?"

"Ndiye."

Nikamsikia akivuta kigoda, akikaa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemkaripia mtoto, "Mwambie Shariffa kanga yangu nnaitaka."

Bi Shariffa nilimfikia kesho yake. Nilipompa salamu alicheka, akakohoa, akaniagiza: "Mwambie kanga ile nimeivaa mpaka imechanika, na ilinipendeza miye kuliko yeye."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya pili, isiyoandikwa popote. Nilivusha barabara kuu maneno ya wanawake wawili ambao walipakana ukuta ujanani, na sasa walikuwa mwendo wa dakika kumi kwa gari, wakiwa hawana gari. Barabara ile haikuvukwa kwa miguu. Hata mbuzi waliojaribu tuliwaona asubuhi pembezoni. Humud alikuwa akimwambia mama yake, "Ijumaa ijayo inshallah, Mama," na hakuwa akisema uongo. Lakini Ijumaa ilikuwa na soko, na wakwe wa Barka, na mtoto mwenye homa, na usingizi wa mtu aliyeamka alfajiri wiki nzima. Wanawake hao walikutana mara moja tu, harusini, wakawekwa meza za mbali. Bi Zuwena aliniambia kwamba muziki ulikuwa mkubwa, akamuona Shariffa akifungua mdomo, asisikie.

Salamu zilikuwa za mambo madogo. Goti. Bizari iliyochacha. Mjukuu aliyejibu kwa Kiingereza. Fulani kafa kule kwetu, Mungu amrehemu, na alikuwa mchoyo. Mimi nilikuwa nikiyahifadhi njiani kwa mpangilio, kama mtu anayebeba mayai. Nilipokosea neno walijua. "Shariffa hasemi hivyo," Bi Zuwena aliniambia mara moja. "Hilo umetia wewe."

Sasa nifikie mwaka wa ndoo nyingi.

Kila dereva hujua kipimo cha nyumba zake. Familia yenye bustani na watoto kumi humaliza lori zima kwa siku nne. Nyumba ya Bi Zuwena, kwa watu wake na namna walivyoishi, ilikuwa ya wiki tatu. Ghafla ndoo nyekundu ikawa ukutani kila wiki, na mara nyingine haikufika wiki. Kwanza nilifuata taratibu. Nikapanda juu ya tangi, nikatazama boya kama limekwama. Nikapapasa viungo vya bomba. Nikatazama chini ya tangi kama kuna unyevu. Vyote vikavu, vyote vizima.

Kisha nikatazama nje. Ilikuwa kiangazi, joto la kupasua rangi za mageti, na kiwanja kitupu cha pembeni kilikuwa kijani. Majani yalikuwa yamefika gotini, yameanza chini ya tundu la ukuta wa jikoni linalotolea maji ya kufulia, yakaenda kama ulimi hadi barabarani. Mbuzi watatu wa mtu walikuwa wakila kwa utulivu wa wageni walioalikwa.

Nikarudi uani, nikawasha pampu, nikaishusha. Bi Zuwena aliniuliza khabari za Shariffa.

Si mimi peke yangu niliyehesabu. Alhamisi moja, siku ya mapumziko, geti lilifunguliwa na Humud mwenyewe. Alikuwa kijana wa heshima, fulana safi, uso wa mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake na hayapendi.

"Ami Said," alisema, "nakuheshimu kama mzee wangu. Lakini lori zima kwa wiki? Sisi tunaoga au tunafuga samaki?"

Niliyajua anayoyafikiri. Wapo madereva waliokuwa wakifunga koki kabla ya lori kwisha na kwenda kuuza kilichobaki mtaa wa pili. Jina hilo likikushika Mabela, ndoo zote huwekwa ukishapita. Nilikuwa na watoto wanne na lori la kukodi.

"Panda," nilimwambia. "Fungua mfuniko wa lori utazame kabla sijaanza, na utazame nikimaliza."

Akapanda. Akaona limejaa hadi shingoni. Baadaye akaona sakafu yake, na viatu vyangu vikavu. Akashuka kwa aibu, akiomba radhi, akijifuta kutu mikononi.

"Basi inavuja," alisema. "Inavuja ndani ya nyumba."

Nikalitazama pazia la jikoni. Halikutikisika. Neno moja langu lingemaliza kila kitu: toka nje ukatazame majani. Lakini mama huyo angesimama mbele ya mwanawe kama mtoto aliyeshikwa anamwaga maziwa, na maji yale Humud aliyalipia kwa kazi yake.

"Mimi sijaona bomba linalovuja, baba," nilisema. Na hilo lilikuwa kweli.

Humud alileta mafundi. Walivunja vigae vya bafu la chini, kisha korido, kisha jikoni, wakifuata bomba zima kama watu wanaotafuta fedha ya kale. Hawakuona kitu, wakatengeneza upya kwa vigae visivyofanana na vya zamani. Nilipopita mtaani niliona lundo la vifusi mbele ya geti. Ndoo haikuonekana ukutani kwa muda mrefu kabisa.

Ilipoonekana, na pampu ikishaanza kunguruma chini chini, sauti ya nyuma ya pazia ilikuwa ndogo.

"Nimewavunjia watu nyumba, Saidi."

Nilizidi kuishusha pampu.

"Ulijua?"

"Mbuzi walijua kwanza, Bi Zuwena."

Akacheka, na kicheko kikamgeukia. Nikatazama pampu, maana macho yangu yalikuwa ya tangi. Alipotulia akasema, "Nilikuwa nafungua mfereji wa kufulia usiku nikenda kulala. Nikiamka tangi limeshuka, na miye moyo umepanda. Kumari anadhani nna wazimu." Kisha: "Basi si uje tu. Hata bila ya maji."

"Nikiulizwa nimefuata nini?"

Akafikiri. "Kweli," alisema. "Watu wana midomo."

Nililifikiria jambo hilo kwenye foleni, kitabu kimefungwa magotini, na hesabu ikanijia. Matangi yao wawili yalikuwa ya kipimo kimoja, na nyumba zote mbili zilikuwa za wiki tatu. Badala ya kuwapelekea kila mmoja lori zima, nikawa nawapelekea nusu nusu kwa siku moja: nusu ya kwanza kwa Bi Zuwena asubuhi, kisha navuka barabara kuu, nusu iliyobaki kwa Bi Shariffa. Safari zikawa mara mbili kwa maji yale yale. Humud hakuzidishiwa hata baisa. Mimi nilizidishiwa mwendo, na mwendo si kitu.

Kwa hiyo salamu ya asubuhi ilifika ikiwa bado ya moto. Nilipomweleza Bi Zuwena mpango huo aliuliza, "Yaani maji ya lori moja, nusu kwangu, nusu kwake?"

"Lori moja."

"Basi bado tunapakana," alisema. Siku hiyo alinipa sahani ya vitumbua kupitia kwa Kumari: vitatu vyangu, vitatu vya Shariffa, na onyo kwamba atauliza kama vimefika vitatu.

Tulifanya hivyo miaka mingi. Lori la kwanza lilikufa, nikapata la pili. Viwanja vitupu vikajaa nyumba, mageti yakawa ya kahawia. Simu za mkononi zikaja, na ndoo zikashuka kutani moja moja, ila ile nyekundu. Mjukuu alimnunulia Bi Zuwena simu. Aliniambia imekaa ndani ya kabati, imefunikwa kitambaa, maana kila akiishika inazungumza na watu asiowajua. Bi Shariffa kwa upande wake alikuwa ameanza kuwa mzito wa kusikia, na simu kwake ilikuwa kama jiwe. Mimi nilikuwa nikisimama karibu na pazia lake na kupaza sauti, na wapita njia walijua kwamba Bi Zuwena bado anaitaka kanga yake.

Kisha bomba likafika. Mkandarasi alichimba mtaro upande mmoja wa barabara, akaufukia, akachimba upande wa pili kwa kuwa alikuwa amekosea upande. Humud alikuwa wa kwanza mtaani kuunganishwa. Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu leo. Maji ya bomba ni safi, ni rahisi, hayategemei afya ya dereva wala foleni, na mimi mwenyewe nilikwishaomba yaletwe nyumbani kwangu.

Wiki iliyofuata nilipita na lori limejaa, nikienda kwingine. Ndoo nyekundu ilikuwa ukutani.

Nikapiga honi. Kumari akafungua geti, akaniona na mpira, akacheka, akanionyesha kwa kidole bomba jipya kwenye ukuta, likimetameta. Kutoka jikoni ikaja ile sauti.

"Nimeiweka kwa kusahau, Saidi. Mkono umezoea."

Nilikuwa nimeshika mpira ambao haukuwa na pa kuingia. Tangi lilikuwa limejaa. Boya lilikuwa juu. "Hujambo lakini, Bi Zuwena?"

"Sijambo. Na Shariffa?"

"Wameunganishiwa na wao, mwezi uliopita."

"Ahaa." Kwa muda tulisikiliza injini ya lori langu barabarani. "Basi nenda, mwanangu. Watakuona umesimama."

Nikakunja mpira. Nilipogeuza lori mwisho wa mtaa, nilimwona Kumari amepanda juu ya kigoda anaishusha ndoo.

Nilihamia mitaa mipya ya mbali, ambako bomba halijafika. Mara chache nilimwona Humud msikitini, nikamuuliza khabari za mama yake, akasema mzima, alhamdulillah, ila amekuwa kimya. Nilimkumbusha khabari ya Bi Shariffa. "Nalijua hilo, Ami," alisema, akanishika mkono. "Nnalo akilini. Kuna jambo napanga."

Mwaka mmoja na kitu baada ya bomba, Jumamosi asubuhi, simu yangu ikalia. Alikuwa mtoto wa Bi Shariffa, anataka lori la maji haraka. Nyumba iliyo na bomba ikiita lori haraka, kuna harusi au kuna msiba, na harusi haiiti haraka. Nikamuuliza nani. Akasema, "Mama."

Nilijaza tangi lao kwa pampu iliyofunguliwa mpaka mwisho, maana waoshaji walikuwa wakisubiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenye nyumba ile kupampu kwa kasi. Kabla sijakunja mpira nilimpigia Humud kazini, nikamwambia. Akasema inna lillahi, kisha akasema mama yake ana presha, habari kama hii haipelekwi kwa simu wala haiachiwi msichana wa kazi. Atamwambia mwenyewe kwa utaratibu, siku akiwa nyumbani, ampeleke kwa gari. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Mzee haambiwi kifo hivi hivi. Hutafutiwa siku, akakalishwa, akapewa maji kwanza. Na siku ya Humud ya kuwa nyumbani ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi hiyo nilikuwa uani kwa marehemu, nimeitwa kujaza tangi lililomalizwa na wageni wa siku tatu, maana bomba lilikuwa dhaifu wiki ile. Matanga yalikuwa yameondolewa Jumatatu. Gari ya Humud ikasimama. Akashuka bibi mfupi, mwembamba kuliko nilivyomdhania, buibui jeusi, fimbo, miwani mizito. Sikumjua. Alipita karibu na lori, akauona mpira, akaufuata kwa macho hadi kwangu.

"Ndiwe Saidi?"

Miaka yote ile, na ndiyo kwanza naona uso wake. Nikasema ndimi.

"Una mvi," alisema, kama anayenilaumu. Kisha akaingia ndani.

Mlango wa upande wa wanawake ulikuwa wazi kwa sababu ya usafi. Nilimwona akisimama kizingitini. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, viti vya kukodi vimerudishwa, mikeka imekunjwa na kusimamishwa kwenye pembe. Binti wa marehemu alikuja mbio, akambusu mkono, akamuuliza yeye ni nani wake marehemu. Bi Zuwena alimwambia jina lake. Binti alisema karibu sana, mama alikuwa akikutaja, salamu zako zilikuwa zikija na lori. Bi Zuwena akauliza kama kuna kanga aliyoachiwa. Binti hakujua kanga gani. Akaenda kutazama sandukuni, kwa adabu, akarudi mikono mitupu, kwa kuwa ilikuwa imechanika miaka mingi iliyopita, kama nilivyotumwa kusema.

Bi Zuwena akatoka. Akasimama kando ya pampu yangu, ambayo niliikuta nimeshaishusha bila ya kujua.

"Wamekunja mikeka, Saidi," aliniambia. "Nimefika wamekunja mikeka."

Nilizima pampu. Humud alimshika mkono, akamsaidia kupanda gari, akamfunga mkanda kama anavyofungwa mtoto. Akarudi kwangu. Alikuwa mtu mzima sasa, na tumbo, na macho mekundu.

"Ami Said," alisema, "kila mwezi tangu bomba nilikuwa naiweka kando ile tofauti ya bei ya lori na ya bomba. Sikuigusa. Nilitaka nimkodie Mama dereva, awe anamleta hapa kila wiki, asiningoje mimi na Ijumaa zangu. Nilikuwa nangoja ifike riali mia ndipo nianze."

Nilimuuliza imefika ngapi. Alitazama gari, ambamo mama yake alikuwa amekaa uso mbele, kiganja juu ya kioo.

"Tisini na sita," alisema.